Tarehe Iliyokatiwa Utepe

Nchi yenyewe tusiitaje. Ina bendera, ina wimbo, ina bandari moja na magereza saba, na wananchi wake wanaipenda sana kwa sababu kuna sheria inayowataka waipende. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Ramani zake zilipelekwa kuchapwa upya mwaka juzi, na mpaka sasa mkandarasi hapokei simu.

Serikali ya huko ilikuwa na wizara ya kila kitu, na mojawapo ilikuwa Wizara ya Wakati, yenye jengo la ghorofa saba na lifti iliyofika ya nne. Katika ghorofa ya tano, ambako watu waliingia wakihema, alifanya kazi Sikudhani Mtoro, mtunza mfumo. Kazi yake haikuwa ya kutisha. Makarani wa nchi nzima waliandika tarehe kwenye kompyuta kama walivyofundishwa shuleni, siku kwanza halafu mwezi, tarakimu tupu zenye mkwaju, ule mstari wa mshazari, katikati. Programu ilizisoma tarakimu hizo, ikazigeuza kuwa maneno mazuri, ikayaonyesha kwenye skrini kubwa zilizotundikwa maofisini, hospitalini, magerezani, na sebuleni kwa Mtukufu Mlezi wa Taifa.

Programu ya kwanza ilinunuliwa ng'ambo, na haikujua kwamba watu wa nchi ile huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Karani akiandika kikao cha mawaziri saa mbili, yenyewe ilionyesha saa mbili baada ya usiku wa manane, ambayo kwa watu wa pale ni saa nane ya usiku. Basi mawaziri wakawa wanakutana saa nane ya usiku, wamejitanda mablanketi, na hakuna aliyeuliza, maana kila mmoja alidhani mwenzake anajua sababu. Mwisho wa mwaka walipewa nishani za kuchapa kazi. Baada ya waziri mmoja kusinzia na kuanguka kitini ndipo ikaamuliwa itafutwe programu nyingine.

Hiyo ya pili ilikuwa msaada. Ilitoka nchi rafiki ambako watu hutaja mwezi kabla ya siku, na ilivyozoea kwao ndivyo ilivyosoma. Sikudhani aliijaribu kabla ya uzinduzi. Aliiandikia 06/08, Sikukuu ya Uhuru, tarehe sita mwezi wa nane, ambayo kila mtoto wa nchi ile aliijua kabla ya kujua jina la babu yake. Skrini ikamjibu kwa herufi za dhahabu: TAREHE NANE MWEZI WA SITA. Akashuka ngazi mbio hadi kwa mkurugenzi wake, Bwana Ubwa.

"Bosi, inasoma kinyume. Siku inaifanya mwezi, mwezi inaufanya siku. Nipe siku mbili tu niigeuze."

Bwana Ubwa alikuwa mtu mpole, mwenye shinikizo la damu na miaka michache tu kabla ya kustaafu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sikudhani, mwanangu," alisema kwa huruma, "utepe umeshanunuliwa."

Msomaji asiyetoka huko anahitaji kuelezwa. Nchi ile iliongozwa na Kanuni ya Uzinduzi: kitu kikishakatiwa utepe kimekamilika, hakiguswi, na kikionekana kina kosa, basi mwenye kosa ni yule aliyeliona. Palikuwa na daraja lililozinduliwa kabla upande wa pili haujajengwa, na wananchi walilisifia kila asubuhi walipokuwa wanavuka kwa mitumbwi chini yake. Hivyo Sikudhani aliruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu. Programu ilipokutana na tarehe ambayo haiwezi kuisoma, kwa mfano ikidhani kuna mwezi wa kumi na tisa, iliandika KOSA kwa herufi nyekundu, na Waziri wa Wakati, Mheshimiwa Daktari Masumbuko Tindwa, alikuwa amesema neno hilo halitaonekana kwenye skrini ya serikali angali hai.

"Weka neno lisilo na ubaya," Bwana Ubwa alimwambia.

Sikudhani akafikiri, akaweka LEO.

"Safi," alisema Bwana Ubwa. "Leo haimuudhi mtu."

* * *

Mambo haya angeweza kuyavumilia, kama wenzake walivyoyavumilia, lakini yeye alikuwa na mume gerezani.

Hemedi Mtulia alikuwa fundi cherehani, na kosa lake lilikuwa kucheka. Kicheko chake hakikuwa na breki. Kilianzia tumboni, kikakwama kooni kama kikohozi, halafu kikafunguka, na kikishafunguka watu waliokuwa jirani walicheka pia bila kujua wanacheka nini. Ndicho kilichomfanya Sikudhani akubali posa, ingawa mama yake alimtaka mwenye gari. Sasa katika mikutano ya hadhara ya nchi ile kulikuwa na taa: nyekundu ya kunyamaza, ya manjano ya makofi, na ya kijani ya kicheko. Siku moja Mtukufu alieleza kwamba njaa ni wivu wa tumbo tupu kwa tumbo lililoshiba. Taa ilikuwa nyekundu. Hemedi akacheka.

Wakampa miezi sita, kuanzia tarehe nne mwezi wa nne hadi tarehe nne mwezi wa kumi. Karani wa mahakama akaandika 04/10 na kwenda kunywa chai.

* * *

Programu ikazinduliwa, utepe ukakatwa, bendi ikapiga. Asubuhi ya tarehe nane mwezi wa sita Mtukufu alikuwa anakunywa chai sebuleni kwake, akainua macho, akaona skrini inasema: SIKUKUU YA UHURU, TAREHE NANE MWEZI WA SITA.

"Kumbe ni leo," alisema. "Na suti yangu nyeupe iko wapi?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kufikia saa nne uwanja wa taifa ulikuwa umejaa. Watoto wa shule walitolewa katikati ya mtihani. Wanajeshi walipita kwa gwaride, wengine na viatu vya kandambili, na bendi ya polisi, iliyokodiwa harusini, ilifika na mpiga tarumbeta ambaye bado ana pilau shavuni.

"Ndugu wananchi!" alisema Mtukufu. "Ilikuwa siku kama ya leo, tarehe nane mwezi wa sita, baba zetu waliposhusha bendera ya mkoloni! Nakumbuka mvua ilikuwa inanyesha!"

Taa ya manjano ikawaka. Wazee waliokuwepo siku ile ya Uhuru, ambayo ilikuwa ya jua kali, walipiga makofi, na jioni walianza kuwasimulia wajukuu jinsi walivyolowa.

Mchana huohuo Waziri Tindwa aliita mkutano wa dharura. Sikudhani alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Kuna uvumi," alisema Waziri, "kwamba mfumo una tatizo. Hebu tufikiri kisomi. Mtukufu hakosei. Mtukufu ameisoma tarehe kwenye mfumo. Kwa hiyo mfumo haukosei. Na kama haukukosea tarehe ya Uhuru wa taifa zima, utakoseaje siku ya kuzaliwa ya muuza mchicha? Kuanzia sasa kila tarehe ni kama skrini inavyosema. Nani ana swali?"

Kwa usalama, kibodi ya Sikudhani ikaondolewa mezani pake na kupelekwa makumbusho, ikawekwa kwenye kabati la kioo pamoja na kipande cha utepe. Tangu siku hiyo alikaa mbele ya kompyuta akiitazama tu, mshahara ukiingia kama kawaida.

* * *

Jioni ile kumbukumbu za magereza zilipita kwenye skrini yake. HEMEDI MTULIA, KUTOKA: TAREHE KUMI MWEZI WA NNE. Tarehe ilikuwa imeshapita! Kwa sheria mpya mume wake alimaliza kifungo miezi miwili nyuma. Sikudhani alilia kwa furaha, akaomba Mungu amsamehe kwa kuitukana programu. Asubuhi aliamka mapema, akapika chapati na maharage ya nazi, akapakia kwenye hotipoti, akaenda kumpokea.

Mkuu wa gereza, Afande Kilindo, alikuwa mtu wa utaratibu. Alikwenda mbele ya skrini, akasoma polepole akifuatisha kwa kidole.

"Mama, mumeo alitoka mwezi wa nne."

"Afande, yuko pale. Namwona."

Kweli Hemedi alikuwa uani, ameinamia cherehani chini ya kibanda cha bati, anashona sare za askari. Alipomwona mkewe alipunga mkono.

"Yule unayemwona," alisema Afande, "si mfungwa. Mfungwa alishatoka."

"Basi kama si mfungwa, mfungulieni."

"Nitamfunguliaje mtu ambaye hayumo? Nikiandika leo ametoka, itaonekana ametoka mara mbili, na mimi nilipokea mmoja. Huyo wa pili nitaulizwa nimemtoa wapi." Akatazama hotipoti. "Na kwa kuwa hayumo, hawezi kutembelewa. Hiki chakula ni cha nani?"

Chakula kiliingia mapokezi na hotipoti ikarudi tupu, imefutwa vizuri. Baadaye akaja kujua mabaya zaidi: mtu ambaye hayumo hapangiwi ugali. Hemedi alikuwa anakula kwa hisani ya wenzake, kila mmoja akimmegea tonge, na shingo yake ilianza kuonekana ndefu ndani ya kola. Sikudhani aliuona mwili wa mumewe unapungua kwa sababu ya namba mbili zilizobadilishana nafasi, na alijua ni mstari gani wa programu unaofanya hivyo, na hakuna chochote alichoweza kufanya.

* * *

Wazo lilimjia kwa jirani yake, Mzee Kombo.

Mzee Kombo alikuwa baharia mstaafu wa miaka sabini na mbili, aliyezaliwa tarehe kumi na tisa mwezi wa pili. Programu ilitafuta mwezi wa kumi na tisa, ikaukosa, ikaandika LEO. Kwa hiyo Mzee Kombo alizaliwa leo, na kesho yake alizaliwa leo tena. Wauguzi wa wilaya walimfuata nyumbani, wakampongeza mkewe, wakamchukua mzee kliniki ya watoto wachanga. Huko walimning'iniza kwenye ule mzani wenye mkoba wa kitambaa, miguu ikaburura sakafuni, wakaandika uzito na kusema anaendelea vizuri sana. Alipata matone ya chanjo mdomoni.

"Mwanangu," alimwambia Sikudhani, akiwa kibarazani na bakuli la uji, "mwanzoni niliwatukana. Sasa nawaacha tu. Kila siku nazaliwa. Hata nikifa watasema nilizaliwa leo."

Sikudhani alikwenda ndani, akakaa kitandani. Neno LEO alilitia yeye mwenyewe. Kama mtu anaweza kuzaliwa leo kila siku, basi mtu anaweza pia kutoka jela leo, siku yoyote. Ilihitajika tu Hemedi awe na tarehe ambayo programu haiwezi kuisoma.

Alikwenda kwa hakimu wa wilaya, mama mwenye moyo wa huruma na feni mbovu, akamweleza kwamba mumewe ametoka bila kutoka. Hakimu alisema kesi za namna hiyo anazo nyingi, na sheria inamruhusu kumpangia mtu kama huyo tarehe nyingine.

"Unataka lini?"

"Tarehe ishirini mwezi huu wa sita, mheshimiwa. Ishirini. Tafadhali isipungue."

Hakimu akamtazama juu ya miwani, akaelewa, akaandika 20/06. "Lakini tarehe mpya ni lazima izinduliwe," alisema. "Hilo siwezi kukukwepesha."

Uzinduzi ulifanyika uani gerezani, mbele ya skrini. Utepe ulikuwepo, mwekundu, mabaki ya sherehe ya choo kipya. Mkasi haukuwepo, ikabidi waazime mkasi wa Hemedi kwenye kibanda chake cha cherehani. Afande Kilindo alihutubia kidogo kuhusu maendeleo, akakata utepe, askari wakapiga makofi, na skrini ikawaka: HEMEDI MTULIA, KUTOKA: LEO.

Hemedi alimtazama mkewe kwa mbali, akamkonyeza. Sikudhani alijiona mwanamke mwerevu kuliko wote nchini, na kwa dakika mbili hivi alikuwa na furaha kamili.

* * *

"Basi twende," alimwambia Afande.

"Amepewa nasaha?"

"Nasaha gani?"

Afande alieleza bila haraka. Mfungwa haachiwi hivihivi kama mbuzi. Siku moja kabla ya kutoka anakalishwa, anapewa nasaha za uraia, anatia dole gumba. Nasaha hupewa wale ambao mfumo unasema wanatoka kesho.

"Mpe nasaha leo, atoke kesho," alisema Sikudhani.

"Huyu hatoki kesho. Soma mwenyewe. Anatoka leo."

"Basi nije lini?"

Afande alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Jana," alisema.

Kesho yake Sikudhani alirudi. Skrini ilisema Hemedi anatoka leo, na jana yake hakupewa nasaha, kwa kuwa jana pia alikuwa wa kutoka leo. Akaingoja tarehe ishirini yenyewe, akiamini labda siku halisi ina nguvu zake. Haikuwa na nguvu yoyote.

Ikawa desturi. Kila siku saa mbili asubuhi askari anaita, "Hemedi Mtulia, unatoka leo!" Hemedi anavua nguo za jela, anavaa shati lake la buluu, anasindikizwa hadi langoni. Lango linafunguliwa. Sikudhani amesimama nje na hotipoti. "Umepewa nasaha?" "Bado, afande." Lango linafungwa, shati linavuliwa. Faida ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo: Hemedi alihesabiwa tena kuwa yumo, akapangiwa ugali, na mke na mume walionana kila asubuhi kwa muda wa kufungua na kufunga lango.

Siku za mwanzo Hemedi alikaribia kucheka. "Mke wangu," alisema, "nchi hii nani mwingine anatoka jela kila siku?" Kicheko kikapanda, na Sikudhani akamzuia kwa mkono kupitia nondo, akitazama kitaa kidogo chekundu kilichofungwa juu ya lango. Shati la buluu lilianza kuchakaa kwenye vifungo kwa kuvaliwa na kuvuliwa.

* * *

Tarehe sita mwezi wa nane, ndege nne zilitua. Walikuwa marais wa nchi jirani, watu wanaojua kuhesabu, wamekuja na zawadi kumpongeza Mtukufu kwa siku ya Uhuru. Uwanja wa ndege ulikuwa na mfagiaji mmoja na mbwa.

Waziri Tindwa alifika na koti limevaliwa kinyume. Kama angekiri kwamba Uhuru ni leo, angekuwa amesema Mtukufu alikosea mwezi wa sita. Kama angekana, wageni wangerudi na zawadi zao. Watu wanasema aligeuza koti lake hapohapo kwenye lami, halafu akatoa tamko lililomjengea sanamu.

"Hatuwezi," alisema, "kuwa na tarehe zinazosomwa na mfumo, na tarehe nyingine zinazozurura tu mitaani bila kusomwa. Tarehe ya leo nayo ni raia. Ipitishwe kwenye mfumo!"

Tangu hapo karani aliandika tarehe ya siku yenyewe, na ya kesho yake, kama tarehe nyingine zote. Akaandika 06/08. Skrini zote nchini zikasema: LEO NI TAREHE NANE MWEZI WA SITA. Uhuru ukasherehekewa mara ya pili, wageni wakapunga vibendera, na Mtukufu akakumbuka tena ile mvua, safari hii na radi.

Sikudhani alikuwa kwenye jukwaa la watumishi, anapiga makofi kwa kufuata taa. Ghafla akaacha kupiga. Aliliona jambo lote kwa mara moja. Kosa lilikuwa limegawanywa kwa wote kwa haki, na kwa hiyo watu wangeanza kuzipata siku zao, ingawa kwa jina la uongo. Tarehe nne mwezi wa kumi ikifika, karani ataandika 04/10, na skrini itasema leo ni tarehe kumi mwezi wa nne. Na wafungwa wote walioandikiwa kutoka tarehe hiyo watapewa nasaha siku moja kabla, lango litafunguliwa, watakwenda kwao. Wote, isipokuwa yule ambaye mke wake alimtafutia tarehe nyingine.

Alikimbia gerezani na viatu mkononi.

"Afande, turudishe ile ya zamani! Nne mwezi wa kumi! Nakuomba!"

"Mama," alisema Afande Kilindo, na sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli, "tarehe hii imezinduliwa. Imekatiwa utepe. Na mkasi ulikuwa wa mumeo."

Alikwenda kwa Bwana Ubwa, akalia mezani pake.

"Ungeniuliza mimi," Bwana Ubwa alimwambia, akimpa leso. "Miaka thelathini nipo serikalini, sijawahi kurekebisha kitu hata kimoja, na watu wangu wote wako nyumbani."

Sikudhani alirudi ghorofa ya tano, akakaa mbele ya kompyuta isiyo na kibodi, akaichukia akili yake mwenyewe.

* * *

Tarehe nne mwezi wa kumi skrini ya gereza ilisema leo ni tarehe kumi mwezi wa nne. Wafungwa kumi na mmoja walisimama mstari mmoja langoni, wamenyolewa, wamepewa nasaha zao, na nje ndugu zao walikuwa na vigelegele tayari. Pembeni alisimama Hemedi na shati lake la buluu, kola imetoka nyuzi, akisubiri kuulizwa swali lake la kila siku. Hakimu wa wilaya naye alikuwepo, kwa kuwa wafungwa wengi wakitoka pamoja lazima pawe na hakimu wa kushuhudia.

Afande Kilindo alipanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu wafungwa wa zamani!" alisema. "Mnatoka leo kwa sababu tarehe zenu zilitulia zilipowekwa. Mfumo unampenda mtu mtulivu. Nendeni mkaishi vizuri, na kama mtarudi, rudini kwa utaratibu!"

Kitaa kilikuwa chekundu. Ndani ya kimya kile Sikudhani alisikia kitu kama kikohozi, akakijua. Kikakwama, kikafunguka. Hemedi alicheka. Alicheka kicheko cha miezi sita, amejishika tumbo, machozi yanamtoka, na mmoja wa wale kumi na mmoja akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili asimfuate na kupoteza siku yake.

Hakimu hakuwa na la kufanya. Kucheka chini ya taa nyekundu ni miezi sita, na hukumu mpya hufungua kumbukumbu mpya na kuifuta ya zamani pamoja na utepe wake. Alitazama skrini aone leo ni tarehe ngapi, kama sheria inavyotaka. Tarehe kumi mwezi wa nne. Akahesabu miezi kwa vidole, mwezi wa tano, wa sita, hadi wa kumi, akamwambia karani aandike: kutoka, tarehe kumi mwezi wa kumi.

Karani akaandika 10/10.

Sikudhani aliitazama ile tarehe kwenye skrini. Kumi na kumi. Isome kutoka huku, isome kutoka kule, ilikuwa ileile. Halafu akakumbuka leo halisi ni siku gani, akaanguka magoti kwenye vumbi mbele ya hakimu.

"Asante, mheshimiwa! Asante kwa kumfunga mume wangu! Mungu akuzidishie!"

Hakimu, ambaye hakuwahi kushukuriwa kwa hukumu, aligeuka pembeni na kupenga kamasi. Miezi sita ya Hemedi ingekwisha baada ya siku sita.

Sikudhani alikwenda kwenye nondo. Hemedi bado alikuwa anafuta macho, kicheko kinamrudia kwa vipande.

"Hemedi, nisikilize. Usicheke tena. Siku sita tu. Wakikuita utoke, usicheke. Afande akihutubia, usicheke. Ukicheka watahesabu upya, na safari nyingine tarehe haitatuangukia vizuri hivi. Nakuomba, mume wangu. Kila ukitaka kucheka, tazama kwanza hicho kitaa."

Hemedi alimwangalia. Akaona vidole vya mkewe vimeng'ang'ania nondo. Kile kicheko kilichokuwa kinapanda akakimeza, na Sikudhani aliona koo lake likikimeza.

"Nitatazama," alisema.

Na alitazama. Tarehe tisa alipewa nasaha, akatia dole gumba. Tarehe kumi mwezi wa kumi skrini ilisema ni tarehe kumi mwezi wa kumi, siku pekee mwezi ule ambayo serikali na jua vilikubaliana, na Hemedi Mtulia akatoka jela akiwa na shati la buluu na mkasi wake.

Jioni Mzee Kombo alikuja na mkewe kumpongeza. Alikuwa ametoka kliniki, na alieleza jinsi muuguzi mpya alivyomfunga nepi, na jinsi mkewe alivyoulizwa kama mtoto ananyonya vizuri. Mke wa Mzee Kombo alicheka hadi akakaa chini. Sikudhani alicheka, hotipoti mapajani, na huku anacheka alikuwa anasikiliza, anangoja kile kikohozi, kile cha kukwama kooni kabla ya kufunguka.

Hemedi alikuwa ameinua macho. Alikuwa anaukagua ukuta wa sebule, kuanzia juu ya mlango hadi juu ya dirisha, polepole, akitafuta taa.